Kupandisha volti kutoka kwa Arduino: uchague njia ipi?

"Ami, hii yatoa volti tano tu. Mimi nataka ishirini na nne, na nataka kuzipandisha na kuzishusha kwa programu."

Aliyesema ni mtoto wa ndugu yangu, yuko kidato cha tatu, ameketi ng'ambo ya meza yangu ya ufundi hapa Langoni, Lamu, akiwa na Arduino Uno mkononi, ile bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu. Nikamuuliza za nini. Akasema anataka kupima taa na pampu za ngama (maji yanayokusanyika chini ya mashua) za mashua ya babake kabla hazijafungwa, aone zinaanza kufanya kazi kwa volti ngapi na zinazima kwa ngapi.

"Vyema. Pampu yala ampea ngapi?"

Kimya. Karibu kila anayeniletea swali hili hukwama hapo hapo. Volti anazo kichwani, mkondo hajaufikiria, na ni mkondo unaoamua ni njia ipi kati ya hizi utakayoitumia. Kupata volti 30 kutoka bodi ya volti 5 ni kazi ya dakika ishirini na dayodi (vipitisha umeme upande mmoja tu) za senti chache. Kupata volti 24 zenye ampea mbili kutoka bodi hiyo hiyo hakuwezekani, hata umlete fundi kutoka wapi.

Piga hesabu ya wati kwanza. Soketi ya USB ya kompyuta kwa kawaida inatoa volti 5 na miliampea 500, yaani wati 2.5. Ukizipandisha hadi volti 24 bila kupoteza chochote, unabaki na miliampea 104. Na lazima utapoteza: kwa kifaa kizuri chenye ufanisi wa asilimia 85 unabaki na kama 88. Pampu ndogo ya ngama ya volti 12 inayokula ampea 2 inataka wati 24, karibu mara kumi ya ulicho nacho. Koili, yaani waya uliosukwa ulio ndani ya kipandisha volti, haizai umeme. Inabadilisha volti kwa mkondo, na katikati inachukua ushuru wake.

Pini yenyewe ya Uno ndiyo maskini zaidi. Mwisho wake kabisa ni miliampea 40, na kwa matumizi ya kila siku usivuke 20. Tena ile amri ya analogWrite haitoi volti za katikati kama wengi wanavyodhani. Inawasha na kuzima pini mara 490 kwa sekunde (pini 5 na 6 ni mara 980), na mita yako inakuonyesha wastani. Ukiona 2.5 kwenye mita, ujue kifaa chako kinapigwa 5, sifuri, 5, sifuri. Hii ndiyo PWM, na karibu kila njia hapa chini inaitumia kwa namna moja au nyingine.

Ukitaka miliampea chache tu

Hapa kuna njia mbili ambazo watu huzichanganya, na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni ngazi ya dayodi na kapasita (vihifadhi chaji). Pini mbili za Arduino zinapishana, moja juu nyingine chini, na kila kapasita inaipa inayofuata chaji yake, kama watu wanaopokezana ndoo kutoka kisimani hadi darini. Kila daraja inaongeza volti 5 ukitoa zile 0.7 zinazoliwa na dayodi. Kwa dayodi za 1N4148 na madaraja sita, juu ya zile 5 za kuanzia, unafika kama volti 30 bila mzigo. Hakuna koili wala mosfeti (swichi ya kielektroniki), na hakuna kinachopata moto.

Ubaya wake ni kwamba mkondo unaotoka unalipwa mara saba na pini zako. Ukivuta miliampea 2 huko juu, pini zinatoa 14. Ukivuta 5 zinatoa 35, na hapo umeshaanza kuichokoza bodi. Kurekebisha volti nako ni kwa kubahatisha kidogo: programu inapima volti zinazotoka kupitia rezista mbili, zikizidi inasimamisha pini zisipishane, zikishuka inazianzisha tena. Inafanya kazi, lakini volti zinatetema.

Ninayo moja mezani. Naitumia kupima dayodi za zena (zile zinazozuia volti zisivuke kiwango fulani) zilizofutika maandishi, zile unazozitoa kwenye televisheni iliyokufa usijue ni za volti 12 au 27. Kazi hiyo inataka volti nyingi na mkondo wa kunusa tu. Kwa hiyo tu, siibadilishi kwa chochote.

Ya pili ni opampu, chipu inayokuza ishara ya volti. Unaichuja PWM kwa rezista na kapasita hadi ilainike, kisha opampu ya LM358 inaizidisha mara mbili, tatu, unavyopenda. Inatoa volti safi, zinazofuata programu yako bila ukaidi, na zinaanza kutoka sifuri kabisa, jambo ambalo vipandisha volti vya koili haviwezi. Lakini opampu haipandishi kitu. Inagawa tu ilichopewa, na LM358 inabakiza kama volti 1.5 chini ya chanzo chake. Ukitaka 10 zitoke, uiingizie 12. Kwa hiyo anayeniambia "nimetengeneza volti 10 kwa LM358 kutoka 5" najua mita yake imekwisha betri.

Hii ndiyo njia ya kuchagua kama kazi yako ni kutoa ishara tu. Mwaka jana nilifunga moja kwenye nyumba ya wageni huko Shela, kuendesha inveta (kidhibiti cha kasi) ya pampu ya kisima inayosikiliza ishara ya volti 0 hadi 10. Ishara ya aina hiyo kwa kawaida haili hata miliampea moja. Rezista nne, kapasita mbili, kazi imekwisha. Ukitaka mkondo zaidi unaweza kuongeza transista ya TIP122 mbele yake, ila ujiandae kwa joto: chanzo cha 19.5, unatoa 5 kwa nusu ampea, wati 7 na kitu zinageuka moto juu ya bati la kupooza. Chapati haziivi, lakini kidole kinaiva.

Koili uliyoisuka mwenyewe au moduli ya dukani

Vijana wengi hutaka kuanzia hapa, kwa kuwa mchoro wake unapendeza: koili, mosfeti, dayodi, kapasita, na pini ya PWM. Mosfeti ikifunguka umeme unapita na koili inashiba. Ikifungwa koili inatema umeme wake juu ya ule wa chanzo. Hesabu ni rahisi mno. Gawa volti zinazoingia kwa sehemu ya muda ambao mosfeti imefungwa. Ikifungwa robo ya muda, 5 inakuwa 20. Kwa 24 unahitaji mosfeti iwe wazi kama asilimia 79 ya muda.

Mitego yake sasa. Mosfeti lazima iwe ile inayofunguka vizuri kwa volti 5. IRLZ44N inafaa; IRFZ44N haifai, hiyo inataka kama 10 kwenye lango lake, mguu unaoifungua. Tofauti ni herufi moja, na mosfeti zote mbili ni nyeusi, zina miguu mitatu, na muuzaji atakuambia "ni hiyo hiyo". Dayodi iwe ya haraka, 1N5819 kwa mfano. 1N4007 ni ya umeme wa nyumbani wa hezi 50, kwa makumi ya kilohezi itachelewa kufunga na utaisikia kwa kidole. Ukiandika analogWrite 255, mosfeti haifungi tena: koili inakuwa waya tu kati ya chanya na hasi, na chanzo chako kinapiga magoti. Programu ikiganda pini ikiwa juu, matokeo ni hayo hayo.

Na bila mzigo, ile hesabu nzuri haifanyi kazi. Kila pigo la koili linaongeza chaji kwenye kapasita na hakuna anayeitumia, kwa hiyo volti zinapanda tu. Mimi niliichomoa taa niliyokuwa nikiipima nikasahau kuzima. Kapasita yangu ilikuwa ya volti 25. Ililia kama fataki ya Maulidi, paka aliyelala juu ya redio ya mteja akaruka hadi ukutani, na mimi nikabaki na harufu ya samaki mbovu dukani hadi alasiri. Tangu siku hiyo kapasita ya kutokea ni ya 50, na programu inapima volti kabla ya kufanya jambo lolote lingine.

Kwa kujifunza, isuke. Hakuna kitu kitakachokufundisha koili kama kuisuka. Kwa kazi ambayo mtu mwingine ataitegemea, nunua moduli. Ndani yake kuna chipu inayopima na kujirekebisha mara nyingi kwa sekunde, kazi ambayo Uno itaifanya kwa kuhema, tena ikiwa haina shughuli nyingine.

Moduli mbili zimeenea zaidi: MT3608, ndogo kama kidole gumba, inayofika volti 28, na XL6009, kubwa kidogo, inayofika 35. Kwa kuanzia volti 5, naichagua MT3608. XL6009 inakubali kuanzia 5, kwa hiyo ukiilisha kwa waya mrefu wa USB uliochoka, volti zinaposhuka kidogo tu iko nje ya mipaka yake. Ipe betri ya volti 12 ndipo inaonyesha ubavu. Zile ampea 2 zinazotajwa kwa MT3608 usizichukue kuwa ni za kutokea: kutoka 5 hadi 24 mimi sivuki miliampea 250, na chaja ya simu ndiyo inayoilisha, si kompyuta.

Kuiamuru moduli kwa programu

Moduli inakuja na potenshometa (rezista inayorekebishika) ya skrubu. Ukiipata mpya na ukaona volti hazibadiliki, usiitupe. Endelea kuzungusha kinyume cha saa, wakati mwingine mizunguko ishirini, ndipo inaamka. Lakini sisi tunataka Arduino ndiyo izungushe.

Yule mtoto wa ndugu yangu alipendekeza kubandika mota ya servo juu ya skrubu. Nilicheka, kisha nikamweleza: servo inazunguka nusu duara, skrubu ina mizunguko kama ishirini na tano.

Njia ya pili ni potenshometa ya kidijitali, kama X9C103 au MCP41010. Inafaa kwa sharti moja ambalo wengi hulisahau: miguu yake haivumilii zaidi ya volti 5. Ukiiweka mahali pa ile ya skrubu, juu, kati ya volti 24 na chipu, itakufa kabla hujatoa mkono. Lazima iwe mguu wa chini, kati ya hasi na pini ya FB (ambayo chipu ya moduli huitumia kupima volti zinazotoka). Hata hapo hatua zake haziko sawa: upande mmoja hatua moja inasogeza volti kidogo mno, upande wa pili inaruka kwa volti nzima.

Ninayoipenda ni ya tatu. Chipu ya MT3608 inafanya kila iwezalo ili pini yake ya FB ibaki kwenye volti 0.6. Ukiiingizia mkondo kidogo kutoka pembeni, inadhani volti za kutokea zimezidi, inazishusha. Kwa hiyo chukua PWM ya pini 9, ipitishe kwenye rezista ya kiloomu 4.7, weka kapasita ya maikrofaradi 10 kwenda hasi, kisha kutoka hapo rezista ya kiloomu 15 hadi FB. Kabla hujauunganisha waya huo, zungusha skrubu hadi mita isome 22. Moduli yangu ina rezista ya kiloomu 2.2 chini (pima ya kwako), na kwa hiyo PWM ikiwa sifuri napata kama 24.4, na nikiipandisha hadi mwisho inashuka mpaka inakaribia volti zinazoingia, 5 hivi. Hapo ndipo mwisho wa kipandisha volti: hakiwezi kutoa chini ya kilicholishwa. Kila hatua moja kati ya 255 inasogeza kama volti 0.08.

Kasi ya PWM ipandishe hadi kama kilohezi 31 kwa kubadilisha mpangilio wa Timer1, saa ya ndani ya Uno inayoendesha pini 9. Ukiiacha kwenye 490, mtetemo unaobaki baada ya kuchuja unazidishwa zaidi ya mara tano unapotokea upande wa pili.

Kumbuka vilevile kwamba mambo ni kinyume: pini chini, volti juu. Na Uno inapowashwa, kabla programu haijaanza, pini yake inaelea, na moduli inatoa zile 22 ulizoziweka kwa skrubu. Kama kifaa chako ni cha volti 12, kimeshakula 22 kabla ya mstari wa kwanza wa programu kusomwa. Mimi naweka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) kati ya moduli na mzigo, na programu haiiwashi rilei hiyo mpaka ipime volti na kuridhika.

Kama una volti nyingi tayari, shusha

Hapa ndipo nawaudhi vijana. Lamu hii betri za sola za volti 12 ziko kila darini, na chaja za kompyuta za volti 19.5 zilizobaki bila kompyuta zimejaa makabatini. Kwa nini uanze na 5 upande juu? Moduli ya LM2596 inakubali hadi volti 40, inatoa hadi ampea 3 ikiwa na bati la kupooza, na unaiamuru kwa mbinu ile ile ya kuingiza mkondo kwenye FB, ila yenyewe inalinda volti 1.23 badala ya 0.6, kwa hiyo piga upya hesabu za rezista. Ikiharibika, haiwezi kutoa zaidi ya kilichoingia. Kipandisha kikiharibika, mwisho wake huujui.

| Njia | Chanzo | Volti | Mkondo | Ningeitumia kwa |
|---|---|---|---|---|
| Ngazi ya dayodi | Pini za Uno | hadi kama 30 | miliampea 2 | kupima zena |
| LM358 | 12 au zaidi | 0 hadi chanzo pungufu 1.5 | miliampea chache | ishara ya 0–10 |
| Koili ya kusuka | USB | 5 hadi 24 | inategemea mkono wako | kujifunza |
| MT3608 na PWM | chaja ya simu | 5 hadi 24 | miliampea 250 | taa, vihisi |
| LM2596 na PWM | chaja ya volti 19.5 | kama 2 hadi 17 | ampea 2 | mizigo mizito |

Kuna jambo moja la pwani ambalo michoro ya mtandaoni haikuambii. Hewa ya hapa ina chumvi, na ile skrubu ya potenshometa ndiyo inayoshambuliwa kwanza. Kwenye MT3608, mguso wake ukikatika kwa kutu ya kijani, FB inashuka hadi sifuri, chipu inadhani hakuna volti zinazotoka, inapandisha mpaka inajiua yenyewe na kilichofungwa mbele yake. Nimezifungua mbili zilizokufa hivyo, zote zilikuwa mashuani. Kwa kitu kitakachokwenda baharini, pima skrubu ilipofika kwa mita, itoe, chomea rezista ya kawaida ya kiasi hicho, kisha paka bodi nzima vanishi, au rangi ya kucha isiyo na rangi kama ndiyo iliyopo nyumbani. Mbao za jahazi hupakwa mafuta ya sifa, yale ya papa, kabla ya kushushwa majini. Bodi nayo ina haki yake.

Na hasi zote ziungane, za moduli na za Arduino, la sivyo unapima upepo. Lakini unapojaribu volti 24 usiwe umechomeka kompyuta yako kwenye USB ya bodi hiyo. Waya mmoja ukiteleza, utakuwa ukinunua kompyuta.

Kijana wangu tulimgawia kazi yake mara mbili. Taa za mashua, za wati mbili hivi, zinakwenda kwa MT3608, na alifurahi kugundua moja iliyoandikwa "volti 12 hadi 24" inayozima ikifika 10.8, maana yake betri ikichoka usiku taa inamwacha babake gizani. Pampu nayo haikuhitaji lolote kati ya haya. Mota ya pampu haijali volti laini. IRLZ44N moja, dayodi ya kurudisha umeme juu ya mota, fyuzi, na PWM moja kwa moja kutoka betri ya 12, ikazunguka polepole na kwa kasi kama alivyotaka. Aliiangalia kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa koili.

Ukiwa unaagiza vitu kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, kumbuka mzigo unakuja kwa basi hadi Mokowe, halafu kwa boti. Agiza MT3608 tatu badala ya moja, rezista za asilimia moja, kapasita za volti 50, na mwambie muuzaji akupigie picha ya maandishi ya mosfeti kabla hajaifunga, uisome ile herufi ya tatu.